Mwaka Gaudensia Alipokaa Kwenye Kiti cha Petro

Gaudensia ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Melkior. Na kwa kuwa Melkior ni kaka yangu wa tumbo moja, naruhusiwa kumsema bila kuomba kibali kwa mtu. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nina chuki naye. Nampenda sana. Ila kwa miaka kumi na minne mfululizo Melkior alikuwa Petro, na mtu akiwa Petro kwa muda wote huo anaanza kuamini.

Kila Alhamisi Kuu, padre wa parokia yetu huku Mpimbwe huosha miguu ya watu kumi na wawili, kama Bwana alivyowaosha mitume. Viti kumi na viwili vinapangwa mbele ya altare, kila jumuiya inaleta mtu wake, na kiti cha kwanza, kile cha Petro, ni cha jumuiya yetu. Melkior alikirithi mzee mmoja alipofariki, akakishika kama shamba la baba yake. Wiki nzima kabla ya siku hiyo hakanyagi jaruba. Anasema miguu ya mtume haiwezi kunuka tope. Anaisugua kwa jiwe, anaipaka mafuta ya mgando, anavaa soksi hata akiwa ndani ya nyumba. Mpunga tunaupalilia mimi na Gaudensia.

Kila mwaka, siku yenyewe, Gaudensia naye alikuwa na shughuli yake. Mchana alitangulia kanisani na jiko la mkaa kichwani, sufuria mkononi na fungu la mchaichai kwapani. Akina baba walipomwona na mkaa walijua ni wa chetezo, maana ubani haufuki bila kaa la moto. Kweli, makaa mawili yalikwenda kwenye chetezo. Kwa yaliyobaki alichemshia maji. Alitia mchaichai, akachanganya na maji ya baridi, akapima kwa kiwiko kama anayetaka kuogesha mtoto mchanga, kisha akajaza jagi la Padre. Misa ilipoanza alikuwa benchi la nyuma, masizi yamefutwa, kimya.

Halafu akina baba walirudi majumbani wakisimulia jinsi maji ya Alhamisi Kuu yalivyo na uvuguvugu wake na harufu yake. Apolinari, jirani yetu anayekaa kiti cha pili, alisema ni yale mafuta aliyobariki askofu. Kaka yangu alisema ni baraka yenyewe, inaingilia kisiginoni. Aliyasema hayo huku Gaudensia amepiga magoti mbele yake akimnawisha mikono, chakula kikisubiri. Huku kwetu ndivyo tulivyolelewa: mke anashika jagi kwa mkono mmoja na beseni kwa mwingine, anamimina mpaka mwanaume akung'ute vidole mara mbili. Melkior hasemi asante wala imetosha. Anakung'uta tu. Miaka thelathini na mmoja hiyo. Nami nilipokuwa nikimtazama wifi yangu akimimina bila neno, nilitamani hilo beseni liishie kichwani kwa kaka yangu.

Mwaka jana tuliletewa padre mpya, kijana wa Kisukuma anaitwa Padre Luhende, mpole, ila haogopi wazee. Kabla ya Kwaresima aliita viongozi, akafungua misale kubwa ya altareni na kutuonyesha kikaratasi alichokibandika kwa gundi juu ya mstari mmoja. Zamani mstari huo ulisema padre aoshe miguu ya wanaume waliochaguliwa. Kwenye kikaratasi paliandikwa: watu waliochaguliwa kutoka taifa la Mungu. Padre akaeleza kwamba Roma walibadili maneno hayo tangu mwaka 2016, kwetu tu yalichelewa njiani. Ukiijua barabara yetu wakati wa masika, hushangai.

Melkior akaomba kitabu. Akaupeleka ule ukurasa dirishani, akauangalia kwa mwanga, akaweka kidole juu ya kikaratasi.

"Padre, mimi bado nipo hapa chini," alisema.

"Nakuona, mzee wangu," Padre akamjibu. "Ila nimepaka gundi nyingi."

Jumuiya yetu ilipokutana kuchagua mtu, walikuwepo wanawake tisa na mwanaume mmoja, kama ilivyo kila wiki. Mwanaume huyo alikuwa Melkior. Alikohoa, akarekebisha kola, akasubiri jina lake. Nami nikanyoosha mkono nikamtaja Gaudensia, na wenzangu wote wakanyoosha. Kaka alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu utotoni, siku nilipomwangushia asali.

Aliyekataa ni Gaudensia mwenyewe. Alisema hapana pale pale, akasema hapana tena njiani, na kesho yake majarubani akanipa sababu. Visigino vyake vina magaga ya kuweza kukwaruza sufuria. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikwenda na jembe mwaka wa zile mvua kubwa. Tena padre, mtu aliyepakwa mafuta, ampigie magoti mwanamke mwenye tope kwenye kucha? Watu wangecheka, na Melkior angebeba aibu nyumbani.

Nikamwambia Petro wa kweli naye alikataa kwanza kuoshwa, ni kaka yangu tu ambaye miaka kumi na minne hakuwahi kukataa hata kwa adabu. Akacheka mpaka akakaa kwenye tuta. Kisha nikamwambia jambo lisilochekesha. Melkior alikuwa ameshapita kwa wazee akisema kwamba akina mama wakiitwa na wakakataa, basi orodha irudi ilivyokuwa, na kikaratasi kibanduliwe.

Gaudensia alipalilia mpaka mwisho wa mstari ndipo akajibu.

"Wifi, nimechemsha maji ya miguu ya watu tangu nikiwa msichana," alisema. "Mimi sijawahi kumiminiwa hata kidoleni. Nataka nijue inakuwaje. Mara moja tu, halafu wakichukue kiti chao."

Sikuwahi kumsikia akitaka kitu. Niliinama nikang'oa magugu, na machache kati ya niliyong'oa yalikuwa mpunga.

Ikabaki swali la nani aandae maji, beseni na taulo, maana Gaudensia angekuwa amekaa mbele. Melkior, ili ionekane hana kinyongo, alijitolea mbele ya wazee wote. Alisema ni maji tu hayo, kazi ya dakika mbili. Nilimtazama Gaudensia nikitegemea atasema kitu.

"Kweli," alisema. "Ni maji tu."

Alhamisi ikafika baada ya siku mbili za mvua. Melkior alikwenda kwenye simtank nyuma ya sakristia, akajaza jagi, akalifunika kwa taulo safi, akaketi kwenye benchi karibu na sisi wanakwaya, ametulia kabisa. Mbele kulikuwa na wanaume wanane na wanawake wanne. Gaudensia alikuwa kiti cha kwanza, kiatu cha kulia amekivua, mguu wake wenye vidole vinne ameuficha nyuma ya wa kushoto.

Padre Luhende aliamua kuanzia upande wa pili, kwa hiyo Petro akawa wa mwisho. Mtu wa kwanza kumiminiwa alikuwa Josephat, fundi baiskeli, mwanaume wa miraba minne. Maji yalipomgusa aliupandisha mguu mpaka kifuani. Wa pili alimshika Padre bega. Mama mmoja alitaja majina ya watakatifu ambao hawakuwa kwenye ratiba ya siku hiyo. Ilipofika zamu ya Apolinari alinong'ona, kwa mnong'ono uliofika hadi kwenye kwaya, kwamba mwaka huu baraka imepungua.

Sisi tulikuwa tunaimba huku mabega yanatucheza. Kaka yangu hakucheka. Nilimwona akigeuza macho kwenye chetezo kilichoning'inia pale kando. Kilikuwa hakifuki. Tangu Misa ianze kilikuwa kinapungwa kitupu, maana hakuna aliyeleta makaa. Akaangalia chetezo, akaangalia jagi, akamwangalia mkewe. Gaudensia alikuwa anatazama tabernakulo, uso umetulia kama hajui lolote. Melkior akainuka, akapita katikati ya watu, akatoka nje kwa mlango wa pembeni. Nilijua ameshindwa kuvumilia kumwona mkewe kwenye kiti chake, na kesho kijiji kizima kitasema hivyo hivyo.

Padre alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Gaudensia, ameshika jagi, Melkior aliporudi. Alikuwa anahema, suruali imelowa hadi magotini, na kwapani alikuwa na chupa ya chai yenye maua, ya jikoni kwa mapadre. Hakuuliza ruhusa. Alipiga magoti pembeni ya Padre, kwenye sakafu, akafungua chupa na kumimina maji ya moto ndani ya jagi. Akachovya kidole, akakitoa haraka, akasubiri, akachovya tena. Kisha akalichukua lile jagi kutoka mikononi mwa Padre, na Padre akamwachia, akabaki na beseni na taulo. Kitabu hakisemi hivyo, si cha zamani wala chenye gundi.

Kwaya tulikuwa tumeishiwa beti, kwa hiyo kila mtu alimsikia akimuuliza mkewe.

"Mama Jeniffer, yako sawa?"

Gaudensia aliutoa mguu wa kulia kutoka mafichoni, akauweka juu ya beseni mbele ya watu wote, na Melkior akamimina, polepole, wakati Padre akiusugua ule mguu kwa kiganja. Alimimina mpaka nikaona mabega ya wifi yangu yakishuka. Kisha Gaudensia, bila kumtazama mumewe, akakung'uta vidole vyake vinne, mara mbili.

Melkior akaweka jagi chini. Padre akafuta mguu kwa taulo na kuubusu. Katekista alitupa ishara tuanze wimbo mwingine, wakaanza, lakini sauti ya pili haikusikika siku hiyo, kwa sababu mimi ndiye ninayeiongoza, na nilikuwa nalia.