Kicheko Kilichoogopwa Nyumbani kwa Susu

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Muthetheni, rafiki yangu, nikakuta nyumba ya Susu imebomolewa. Susu ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake baba. Matofali yalikuwa yamepangwa kando yakingoja lori, na pale palipokuwa jikoni pamebaki weusi wa moshi tu ardhini. Nilisimama hapo jua likinichoma, na cha kwanza kunijia hakikuwa sura yake. Ilikuwa ile hofu.

Nilikulia kwake miaka ya tisini, wazazi wangu wakifanya kazi Athi River. Tuliamka na harufu ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, yakitokota na mbaazi. Shangazi, kitinda mimba wa Susu, ndiye aliyetwanga, na kila akitwanga aliimba nyimbo za kanisani. Susu alikuwa mtu wa sala, na alitupenda. Lakini tukicheka mpaka machozi yatoke, aliacha alichoshika akatega sikio, kama aliyesikia nyayo uani.

"Punguzeni," alisema. "Furaha ikisikika mbali, kilio huuliza njia."

Tulinyamaza, nasi tukatega sikio.

Mwaka mmoja mvua ilirudi baada ya ukame mrefu. Jumapili ya mavuno kina mama waliingia kanisani na maboga, mbaazi na kuku waliofungwa miguu. Shangazi alikuwa na mimba ya miezi saba, lakini aliongoza wimbo, mkono mmoja tumboni. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilitoka kwenye benchi nikacheza mbele ya watu wote hadi kiatu kikanivuka, wakanipigia vigelegele. Nilipogeuka nikamwona Susu. Yeye peke yake alikuwa ameketi, midomo ikimchezacheza. Tulirudi nyumbani amenishika mkono kwa nguvu.

Siku mbili baadaye shangazi aliteleza kwenye mteremko wa kisimani. Niliona damu kwenye leso kabla sijamwona yeye. Wanaume walimbeba kwa kitanda hadi barabarani, pikapu ikampeleka hospitali. Susu alifunga dirisha mchana ule, akanikalisha karibu naye. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha, "Unaona sasa? Tulifurahi kupita kiasi."

Kwa siku sita sikuthubutu hata kukimbia. Nilimwomba Mungu anisamehe miguu yangu.

Siku ya sita shangazi alirudi, tumbo limelala. Mtoto alikuwa amekufa. Walimleta amefungwa kwenye shuka, akazikwa nyuma ya nyumba. Watu walipoondoka, Susu akaanza, "Mwanangu, ile Jumapili, mimi niliona..."

"Mama, nyamaza."

Hakuna aliyewahi kumwambia Susu hivyo.

"Mtoto wangu alikuwa anaruka tumboni nikiimba," shangazi akasema. "Nilimsikia. Hiyo ndiyo siku moja tulifurahi mimi na yeye, na Mungu alikuwa hapo. Niliteleza kwa sababu ya matope, mama. Usimtwike Mungu matope."

Susu alitazama mikono yake. Kisha akatuambia kitu ambacho hata shangazi hakukijua. Zamani, siku ya harusi ya dada yake, Susu alicheza tangu asubuhi. Alirudi nyumbani akakuta kifungua mimba wake amekufa kwa homa.

"Nilikuwa nacheza," alisema, "na yeye anakufa."

"Na hakuna mtu alikuambia si wewe?" shangazi akauliza.

"Hakuna."

Shangazi, ambaye ndiye aliyefiwa, akamkumbatia. Jumapili iliyofuata wimbo ulipoanza, Susu alisimama. Alisogeza mabega kidogo, akaogopa, akasimama tuli. Kisha akayasogeza tena.

Sasa Susu hayupo. Shangazi alihamia Kinanie, shamba likauzwa, na kaburi lile dogo limelimwa pamoja na shamba. Mwenye trekta hakujua. Pale kijijini sikupata hata mtu mmoja wa kumweleza habari za Jumapili ile. Lakini hofu haikubomolewa pamoja na matofali. Niliirithi. Mwanangu akicheka sana, mwili wangu huingia baridi, nami hushikwa na hamu ya kumwambia apunguze. Nauma ulimi. Najikumbusha kwamba aliyempa kicheko hicho ni Mungu yule yule ninayemwomba amlinde, na najaribu kucheka naye. Siku nyingine naweza.