Kona ya kushoto

Bado sijapoa. Jumamosi, siku chache baada ya jimbo letu la Katanga kujitenga na kujiita nchi, kwenye uwanja wa basketi wa shule moja ya Katuba, nilimsikia kapteni akimwambia mchezaji mwenzake mbele ya watu wote, "Toa ile maillot. Katanga iko inchi sasa, na weye uko muntu wa Kasai."

"Kaka, nilizaliwa hapa hapa Katuba. Na leo iko fainali!"

"Najua. Toa."

Msimu mzima shule ilishinda kwa hao wawili: kapteni anarusha, mwenzake anafunga. Kijana, ambaye wazazi wake ndio waliotoka jimbo la Kasai, akavua jezi, akaikunja vizuri, akaja kuketi karibu nami, nyuma ya kona ya kushoto alikozoea kupokea pasi. Wenzao walitazama viatu vyao. Kocha, mtu mzima, alikuwa akipangusa filimbi.

Mwishoni walikuwa nyuma kwa pointi moja. Kapteni alipozingirwa, alirusha mpira kona ya kushoto bila kutazama. Mchezaji mpya alikuwa kwingine. Mpira ulitoka nje, ukatua mikononi mwa yule kijana.

Akaurudisha polepole. "Shika, kaka. Miye niko muntu wa Kasai."

Wasomaji wangu, kichwa cha kapteni kimeshajitenga. Mikono yake bado haijapata habari.