Maua ya Zambarau Kando ya Ziwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipewa slasha na kuambiwa nikate nyasi mbele ya ofisi za kaunsili pale Migori. Nilikata kama mtu anayefyeka shamba lake, kwa nguvu zote, mpaka udongo ukaonekana. Karani Mkuu alitoka na kikombe cha chai mkononi, akautazama udongo ule. Kisha akasema, "Mama, nyasi ya ofisi hainyolewi. Inachanwa."

Niliona aibu nikataka kurudi nyumbani, lakini alikuwa amesema kweli. Nyasi za bustani huachwa na kimo cha vidole, ili mizizi isiungue na jua. Hilo nilijifunza siku ile, na sikulisahau tena.

Vijana wanaofanya kazi hizi sasa wameniomba niandike jinsi sisi tulivyofanya. Shule yangu iliishia darasa la tano. Nina tabia ya kuandika jioni mambo ya mchana, ila sijui kama hilo linamfanya mtu kuwa mwandishi. Nitajaribu kutomwonea mtu yeyote. Mahali nitakapokosea, mjue ni kichwa tu, si roho.

Pale Migori nilifundishwa kupogoa, yaani kukata matawi yaliyozidi ili mti upate umbo na hewa. Nilifundishwa kutunza kitalu, pale miche inapolelewa chini ya kivuli cha makuti kabla ya kupelekwa juani. Karani Mkuu alikuwa mkali, lakini hakuwahi kunikaripia kwa jambo ambalo hakuwa amenieleza kwanza. Ndiye aliyeandika nihamishiwe Homa Bay, kwenye Bustani Kubwa, akaniambia, "Huko utaona kazi. Hapa tunacheza."

Bustani ile ilikuwa ya zama za wakoloni. Lango lake lilikuwa la mawe, na ndani kulikuwa na miti mikubwa kiasi kwamba watu watatu wakishikana mikono hawakuweza kuizunguka. Nyasi zake ziliteremka polepole mpaka ziwani. Kulikuwa na bembea za minyororo, duara la chuma ambalo watoto walikalia na baba zao wakalisukuma, banda la mbao la kwaya, tausi, na kobe mzee aliyewabeba watoto mgongoni bila kulalamika. Jumapili familia zilikuja kutoka Rangwe na Lambwe, wengine kwa boti kutoka Mfangano, na watu wetu wa Migori walikuja kwa lori la kanisa wakiimba. Wengi walikuwa hawajawahi kuona ziwa.

Nilikuwa na wakubwa wawili. Juu alikuwa Msimamizi wa Bustani, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, aliyesomea miti chuoni. Chini yake alikuwa nyapara, mzee mnene wa kutoka Mfangano, aliyetugawia kazi asubuhi. Aliniita nyar Suna, yaani binti wa Suna, kwa sababu ndiko nilikozaliwa.

Ukingo wote wa ziwa ulikuwa na uzio wa matete, mrefu kupita mtu. Siku moja Msimamizi akatuita na kusema, "Watu wanatoka mbali kuona ziwa, sisi tunawaonyesha matete. Ng'oeni." Tuling'oa kwa furaha. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walisema yeye peke yake ndiye aliyetaka. Si kweli. Sote tulipenda. Uzio ulipoondoka bustani ilionekana kupanuka, na upepo wa ziwa ukatufikia hadi kitaluni.

Ndipo gugumaji likaja. Wanaokumbuka miaka ile wanajua. Mmea ule wa majani mapana ulielea juu ya maji, ukaongezeka, ukafunika ghuba nzima mpaka boti zikashindwa kutoka. Upepo ukiwa upande mmoja, ziwa lilikuwa maji. Ukigeuka usiku, asubuhi ulikuta shamba la kijani limeegemea ukingo. Na lilikuwa likitoa maua, maua mazuri ya zambarau, yamesimama wima kama yamepandwa na mtu. Sisi tulikuwa tumekata nyasi vizuri mpaka mwisho wa udongo, na majani ya gugumaji yalianzia hapohapo. Macho hayakuona mahali nchi kavu ilipokoma.

Wageni walitusifu. "Mama, maua hii mmepanda lini?" Nilikuwa nikiwaeleza kwamba hatukupanda, kwamba ni gugu la majini. Baadhi walielewa. Wengine walidhani najishusha.

Kulikuwa na mpiga picha wa bustani, kijana wa Rangwe, tuliyemwita Studio. Zamani aliwapiga watu picha karibu na kobe. Maua yalipokuja, akahama nayo. Kwa wiki nzima aliwasimamisha watu mbele ya ile zambarau, na kila familia iliyoona picha ya familia nyingine ilitaka yake palepale.

Jumapili ya mwisho wa wiki hiyo nilikuwa zamu ya langoni. Ikaingia familia kutoka upande wa Kehancha: baba, mfugaji mrefu aliyevaa koti licha ya joto, mama, na binti yao Boke, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Boke alikuwa amenyolewa kipara na kupakwa mafuta kichwani, akavalishwa gauni jipya la manjano lenye utepe mpana uliofungwa mgongoni. Baba yake aliponisikia nikisema natoka Suna, alicheka.

"Kumbe ni jirani! Sasa jirani, hiyo ziwa iko wapi?"

"Mbele kabisa, baba."

"Naona nyasi tu. Nyasi kama hii ningekuwa nayo, ng'ombe wangu wangekataa kurudi nyumbani."

"Wewe ni ng'ombe tu," mkewe akamwambia. "Hata mbinguni utauliza malisho."

Niliwapenda. Mwenzangu alipokuja kushika zamu, niliwafuata taratibu kwa nyuma, maana nilikuwa naenda kuwapa tausi mahindi. Walikuwa wameshafika kwa Studio.

"Mzee, cheka kidogo," Studio alikuwa akisema. "Hujafiwa."

"Nikicheka nitaonekana sina mali."

"Mama, sogea kwa mzee. Si ni bwanako? Sawa. Mtoto asimame nyuma katikati. Rudi kidogo, mrembo. Rudi, maua yakuguse mgongo. Bado kidogo..."

Boke akarudi nyuma kwa utii, mikono imebana mapajani. Hakukuwa na kelele. Kama angalipiga kelele, nadhani mwili wangu usingalishtuka namna ile. Manjano ilikuwepo, kisha ikawa haipo. Majani yalifunguka na kufungika, na maua yakatikisika kidogo, kama mtu amepita karibu.

Studio aliondoa jicho kwenye kamera. "Mtoto ameenda wapi?"

Wazazi walikuwa bado wamesimama kwa picha. Mama akageuka akitabasamu bado, tabasamu lile la kamera, akatazama nyuma yake. Sijui kama nina maneno ya uso ule.

"Boke?" aliita, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akapiga ukelele ambao uliwasimamisha watu hata kwenye bembea.

Baba alijitupa. Alijitupa na koti lake, akazama mpaka shingoni, akaanza kurusha majani huku na huku akiita jina. Msimamizi alikuwa bandani na wageni wake. Alikuja mbio na, lazima niseme hili, hakusimama ukingoni hata kidogo. Aliingia na tai yake na viatu vyake. Tulizoea kumcheka kwamba anaogopa vumbi. Siku ile aliingia.

Lakini nyapara alikuja nyuma yake akipiga kelele, "Tokeni! Tokeni majini! Mnamfunika!"

Hatukumwelewa. Yeye alizaliwa kisiwani, na alikuwa amepigana na gugumaji kwa boti tangu lilipofika. Alikuwa ameona kwamba kila walipokanyaga na kusukuma, lile zulia la majani lilikuwa linasogea na kujifunga juu ya mahali pale. Alimshika Msimamizi ukosi akamvuta nje kama gunia. Baba hakukubali kutoka, mpaka Studio akaruka na kumkumbatia kwa nguvu asisogee, wote wawili wamesimama majini wakilia.

"Ngazi!" nyapara akasema. "Ngazi ya kupogolea!"

Ililetwa, ile ndefu ya mbao tuliyotumia kwenye miti mikubwa. Akailaza juu ya gugumaji kama daraja, ili uzito usiwe mahali pamoja. Kisha akatutazama. Yeye alikuwa mnene. Wanaume wengine walikuwa wakubwa.

"Nyar Suna. Lala juu yake."

"Mimi sijui kuogelea."

"Sijakwambia uogelee. Lala kwa tumbo, nenda. Mimi nashika huku. Tia mkono chini ya majani, upapase."

Watu wamewahi kuniita jasiri. Hapana. Nilisukumwa. Nakumbuka mkono wake mgongoni, na kwamba kama ungeondoka ningerudi. Nikatambaa. Ngazi ilizama kidogo, maji yakapenya kifuani. Nikaingiza mkono mpaka begani.

Wale ambao hawajashika mizizi ya gugumaji hawajui. Ni myeusi, mirefu, laini, imening'inia majini kama nywele za mtu. Kila nilipopapasa nilishika nywele. Nikapiga kelele, "Nimempata!" nikavuta, ikaja mizizi. Mama yake nyuma yangu akasema, "Asante Yesu," kisha akaona ni mizizi. Nikashika tena, nikapiga kelele tena, ikaja mizizi tena. Sitasahau sauti aliyotoa mama yule mara ya pili.

Ndipo akili ikanirudia. Mtoto yule hana nywele. Nilimwona langoni, kichwa kinang'aa. Nikajiambia, acha kila kilicho kama nywele. Tafuta kitambaa.

Nikarudi nyuma juu ya ngazi, nikapeleka mkono chini ya ukingo wenyewe, mahali nyasi zetu zilipoishia na maji yalikuwa yamechimba shimo kwa ndani. Hakuwa amekwenda mbali hata kidogo. Alikuwa chini ya mahali tulipokuwa tumesimama. Vidole vyangu viligusa utepe.

"Vuta!" nikamwambia nyapara, na sikusema nimempata, kwa maana nilikuwa nimeshasema uongo mara mbili.

Walivuta ngazi, mimi na mtoto pamoja. Alikuwa kimya, mdomo umegeuka rangi. Nyapara akamlaza kifudifudi juu ya paja lake, akamkandamiza mgongo.  Akakandamiza. Tausi alilia mahali fulani, na nikamchukia tausi yule. Kisha maji yakatoka kinywani mwa Boke, mengi kuliko nilivyofikiri mtoto anaweza kubeba, akakohoa, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Baba, sikufanya kitu."

Baba yake alikaa chini kwenye nyasi na koti lake lililolowa. 

Msimamizi aliwapeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, viti vikiloa. Jioni akawarudisha kuchukua vitu vyao, mtoto akiwa amelala begani kwa baba. Nilikuwa langoni. Mama Boke akasimama mbele yangu. Nilidhani atanishukuru, na nilikuwa nimeshaanza kuona haya.

Akasema, "Dada. Ni wewe ulituona tukiingia?"

"Ndiyo."

"Watu wakitoka, nani anawaona?"

Nikafikiri. Langoni tulikuwa na mtu wa kupokea wanaoingia. Wakati wa kufunga tulipiga kengele na kuzunguka tukiangalia kama kuna aliyebaki amelala chini ya mti.

"Hakuna," nikasema.

"Kwa hiyo mtu angekuja peke yake," akasema polepole, "au mtoto bila mzazi, asimame kwa maua. Mngejua?"

 Msimamizi alikuwa amesimama karibu, amesikia, suruali yake imekauka na tope. 

"Maua imekuwa hapo wiki nzima," mama akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaelewa jambo, na mimi nilikuwa nalielewa pamoja naye: huenda Boke hakuwa wa kwanza. Kisha wakaondoka.

Uzio wa matete ulirudishwa. Tuliujenga usiku kucha kwa taa za gari, na Msimamizi alifunga kamba kama sisi. Haukupita muda akahamishwa. Watu walisema ameadhibiwa. Sijui, na sitasema nisichojua. Studio aliuza kamera yake, akarudi Rangwe kulima.

Upepo ulipogeuka, gugumaji likaondoka asubuhi moja, ziwa likawa maji matupu. Nilifika mapema kuliko wote, nikidhani niko peke yangu. Nyapara alikuwa huko tayari, ndani ya mtumbwi, na mti mrefu mkononi, akichoma tope chini ya maji kando ya ukingo, hatua kwa hatua. Hakuna aliyekuwa amemtuma.

"Umeona kitu?" nikauliza.

"Hapana."

"Basi Nyasaye asifiwe."

"Asifiwe," akasema, na akaendelea kuchoma. Nilitembea juu ya ukingo sambamba naye mpaka mwisho wa bustani. Hatukuona kitu. Kisha akageuza mtumbwi akaanza upya, nami nikageuka pamoja naye.

Nilihamishwa mara mbili baada ya hapo, nikarudishwa Migori, nikastaafu huko. Mnaniuliza kazi ya bustani ni nini. Ni kukata nyasi kwa kimo, kupogoa, kumwagilia kitalu kabla jua halijawa kali. Hayo mtafundishwa na mtu yeyote. Mimi naongeza moja ambalo halikuwa katika maagizo ya mkubwa wangu hata mmoja. Kila mahali nilipofanya kazi, wakati wa kufunga niliacha vifaa vyangu nikasimama langoni, nikiwatazama watu usoni wakitoka, watoto hasa.

Jioni moja mama mmoja alikasirika. Aliwavuta wanawe nyuma ya sketi yake akaniuliza, "Wewe mzee, mbona unawakodolea watoto wangu macho? Unawataka?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Nimewaona wakiingia. Nafurahi kuwaona wakitoka."

Akanitazama kama mwendawazimu, akapita haraka. Nikageukia waliokuwa nyuma yake.