Miaka Yangu ya Kuwafafanua Waingereza Durban

Siku yangu ya kwanza kazini, dada wa mapokezi aliniambia kwamba magari yanaegeshwa nyuma ya jengo. Nilikuwa nimevaa tai na kubeba mkoba wenye vyeti vyangu, lakini yeye aliona Mkongo, na kwa macho yake Mkongo aliyesimama mbele ya jengo la Umbilo Road ni mlinzi wa magari. Alikuwa na sababu, maana nilikuwa nimelinda magari miaka miwili kabla ya siku ile, na kizibao cha njano kilikuwa bado kinaning'inia nyuma ya mlango wangu. Hata hivyo nilikasirika. Nilimjibu kwa Kiingereza kile nilichokifundisha miaka kumi na mmoja katika shule ya sekondari ya Bukavu, nikamwambia kwamba mimi ndiye mwalimu mpya na ningeshukuru kuonyeshwa darasa. Alicheka, akidhani natania.

Shule ile ilifundisha Kiingereza kwa wageni: Wakongo na Warundi wa mtaa wa Albert Park, mabaharia, na wauguzi waliotaka kwenda kuhudumia wazee huko Uingereza. Mimi nilipewa somo lililoitwa Maisha ya Uingereza. Mkurugenzi alikuwa mzee wa Kizungu mwenye sauti ya taratibu. Aliniita ofisini akanikabidhi faili la picha: askari wenye kofia za manyoya, birika la chai, watu wamepanga foleni kwenye mvua.

"Utafundisha chai, foleni na hali ya hewa," alisema.

"Na historia?"

"Kidogo. Wafalme. Watu wanapenda wafalme."

Niliingia darasani na faili lile, na baada ya dakika ishirini nililifunga. Watu wazima kumi na wanne walikuwa wananitazama, wengine wametoka saluni, wengine kwenye meza za kuuzia simu, na mimi nawaonyesha birika. Papa Justin, fundi wa simu kutoka Uvira, aliinua mkono. "Mwalimu, chai tunaijua. Utuambie, hawa watu ni nani?"

Swali lile ndilo lililoniajiri. Tangu siku ile nilianza kufundisha watu, nikaacha birika kwenye faili.

Nilianza na ng'ombe. Nilichora mnyama ubaoni nikauliza jina lake, wakasema *cow*. Nikauliza jina la nyama yake, wakasema *beef*. Nikauliza, hilo *beef* linawakumbusha neno gani? Darasa zima likapiga kelele: *bœuf!* Kondoo hivyo hivyo, nguruwe hivyo hivyo. Ndipo nikawaeleza kwamba zamani sana mabwana waliosema Kifaransa walivuka bahari wakaiteka Uingereza, wakaitawala kwa vizazi vingi. Mchungaji aliyemlisha mnyama alibaki na jina lake la Kiingereza, na bwana aliyekula nyama akaipa jina la Kifaransa. Maneno yakakaa hivyo mpaka leo, ya zizini na ya mezani.

Papa Justin alishika kichwa. "Alors, hawa nao walitawaliwa?"

"Walitawaliwa."

"Na wakasahau?"

Watu walicheka sana, na mimi niliona mabega yao yamelegea. Walikuwa wameanza kuwasikiliza Waingereza kama watu, bila woga. Mtu akikuogopesha hutaweza kujifunza lugha yake.

Baada ya mwaka mmoja nilihamishiwa kituo chetu kidogo karibu na bandari, kuwafundisha mabaharia. Bosi wangu wa pale tulimwita Mratibu, maana kazi yake ilikuwa kupanga masomo yote ya bandarini. Alikuwa mama wa Kihindi wa hapa hapa Durban, aliyestaafu ualimu kisha akarudi kazini kwa sababu kukaa nyumbani kulimchosha. Mabaharia walikuwa wadadisi kuliko wanafunzi wengine wote. Mmoja aliniuliza kwa nini mji huu wa Afrika una Wahindi wengi namna hii, na kwa nini barabara nyingi zilikuwa na majina ya Waingereza. Nilimtazama Mratibu, nikikumbuka Mkurugenzi alivyosema historia iwe kidogo tu.

"Mwambie," alisema Mratibu. Kisha akaona nasita, akasimama mwenyewe. "Waingereza walihitaji watu wa kukata miwa yao, wakawatoa India. Bibi yake bibi yangu alishuka kwenye bandari hii akiwa na namba shingoni, imeandikwa kwenye kipande cha bati. Hiyo pia ni historia ya Uingereza. Iandikeni."

Waliandika. Yule mama alinifundisha ualimu upya, na namshukuru mpaka kesho.

Niliporudi Umbilo Road, nikiwa na ile habari ya miwa ya kufundisha, niliandaa somo ambalo ndilo fahari ya maisha yangu ya kazi. Niliuita mfululizo ule wa vipindi Kupunguza. Mwingereza wa rika la zamani hupunguza maneno. Akisema hajambo kidogo, huenda yuko taabani. Mzee akikwambia *a bit poorly*, yaani anaumwa kidogo, usifikiri ni mafua. Chukua kipimo cha joto. Bibi akisema anataka *to spend a penny*, usimtafutie sarafu, mpeleke chooni haraka. Sehemu nyingine wakisema *tea* wana maana ya chakula cha jioni, na ukiwaletea kikombe peke yake umewalaza njaa. Mtu akikwambia *with respect*, kwa heshima, jiandae, anataka kukuambia umekosea. Kwa muuguzi hayo si mambo ya kuchekesha. Mgonjwa anaweza kufa mbele yako huku anakuomba radhi kwa usumbufu.

Kisha shule iliingia mkataba na wakala wa kupeleka wauguzi Uingereza, na tukaletewa bosi mpya. Cheo chake kilikuwa Mkuu wa Ubora. Alikuwa kijana, amevaa viatu vyeupe, na alikaa nyuma ya darasa langu siku moja tu. Baadaye aliniita.

"Hili somo la Kupunguza linaondoka," alisema.

"Kwa nini?"

"Linawafanya Waingereza waonekane wanafiki. Wateja wetu hawatapenda. Na ile ya miwa pia."

"Wateja wetu ni hawa wanafunzi."

"Hapana, Mzee. Wanafunzi ni bidhaa."

Alisema hivyo. Sijaongeza chumvi. Nilimwambia bidhaa haiulizi maswali, na hawa wanauliza. Akatabasamu, akasema amelisikia wazo langu, na kesho yake vipindi vyangu vilikuwa vimefutwa kwenye ratiba. Nilipewa tena faili la picha. Nilikasirika, lakini nikalichukua. Nilikuwa nalipa nyumba, nilikuwa na umri, nilikuwa na makaratasi ya ukimbizi ya kwenda kuongeza muda. Nasema haya kwa sababu vijana hudhani sisi wazee tulipigana kila siku. Siku ile sikupigana, na mtu mwingine ndiye aliyeumia.

Mtu huyo ni Consolata. Alikuwa muuguzi wa Bujumbura, mwanamke wa maneno machache, na hapa Durban alimhudumia bibi mmoja mgonjwa katika fleti iliyo juu ya duka la dawa, hapo hapo Umbilo. Alifaulu mtihani wa Kiingereza mara ya kwanza. Wakala akampa nafasi. Sisi wote tulimpigia makofi.

Miezi miwili baadaye alikuja darasani kabla ya wengine, akasimama mbele ya meza yangu na barua mbili.

"Mwalimu, iko kitu sielewi. Hii ya pili inasema nafasi yangu wamempa mtu mwingine."

"Ulichelewa kupeleka karatasi?"

"Sikuchelewa. Walisema nipeleke nikiwa tayari. Soma."

Nilisoma barua ya kwanza. Walimwomba alete cheti cha polisi na cheti cha chanjo *at your earliest convenience*. Kwa Kiingereza cha ofisi, maneno hayo yana maana ya haraka, wiki hii, usitusubirishe. Lakini Consolata alikuwa amesoma kwa Kifaransa maisha yake yote.

"Niliona ni *à votre convenance*," alisema. "Pale itakaponifaa. Na yule bibi alikuwa anakufa, Mwalimu. Hana mtoto hapa. Nikasema, bon, kwa sababu wameniachia nafasi, nimalizane naye kwanza. Nilikaa naye wiki tano. Tukamzika Alhamisi. Ijumaa nikapeleka karatasi."

Maneno yale yalikuwa katika kipindi changu cha nne cha Kupunguza. Kama kisingefutwa angeyajua. Nilimwambia hivyo, na nikamwomba msamaha, kwa kuwa nilikubali kifutwe.

"Unililie baadaye," alisema. "Leo twende kwao."

Tulikwenda kwa miguu mpaka ofisi ya wakala, mimi mbele kwa hasira, yeye nyuma na bahasha yake. Tulipokewa na Ofisa wa Uteuzi, mama aliyekuwa anachagua wa kwenda na wa kubaki. Nilitoa Kiingereza changu chote. Nilisema kwa heshima zote, nilisema labda kumetokea kutoelewana kidogo, nilisema ningeshukuru sana kama wangeweza kufikiria upya. Nilikuwa Mwingereza kuliko Waingereza. Ofisa alisikiliza hadi mwisho, akasema watalitazama suala hilo. Nililijua jibu lile. Nililifundisha mimi mwenyewe miaka mingi: ni hapana iliyovaa koti.

Nilikuwa nimeanza kusimama. Consolata hakusimama. Alisogeza kiti karibu na meza, akazungumza Kiingereza chake kisicho na mapambo hata kidogo, kwa sauti ile ile ya chini.

"Barua yenu haikusema siku. Mimi nilikuwa na mgonjwa anakufa. Nilikaa naye mpaka akafa. Nyinyi mnatafuta mtu wa kukaa na wazee wagonjwa. Mnamtaka yule anayewaacha?"

Ofisa akaivuta barua, akaisoma, akaisoma tena. Simu iliita chumba cha pili na hakuna aliyeipokea.

"Hapana," alisema mwishowe. "Hatumtaki huyo."

Nafasi ya kwanza ilikuwa imeshakwenda na haikurudi. Lakini aliandika jina la Consolata kwenye kundi lililofuata, mbele yetu, kwa kalamu, na chini ya barua akaandika tarehe ambayo karatasi zote zingetakiwa. Tarehe, siku na mwezi. Tulipofika nje nilitaka kumpongeza mwanafunzi wangu, nikaona aibu. Mimi nilipitisha miaka nikifundisha watu jinsi ya kuuzunguka mlango, na yeye alikuwa ameufungua.

Mkuu wa Ubora alisikia habari ile kabla sijavuka robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, kurudi shuleni. Jumatatu nilikuta barua kwenye meza yangu. Sikuisoma peke yangu. Niliingia nayo darasani, nikaifungua mbele ya wanafunzi, nikaandika ubaoni sentensi zake tatu: shule inathamini mchango wangu wa muda mrefu, inahisi huenda wakati umefika wa kunipa nafasi ya kupumzika, inanitakia kila la heri katika mipango yangu.

"Tafsirini," nilisema.

Dada mmoja wa saluni, ambaye hata kusoma Kiingereza alianzia kwangu, alisema polepole, "Eish, Mwalimu. Wamekufukuza."

"Sahihi kabisa," nikamwambia, nikampa alama zote. Kisha nikafundisha kipindi cha nne chote, cha tano pia, mlango ukiwa wazi, mpaka walipokuja kuzima taa za ukumbi.

Nafasi yangu ilichukuliwa na kijana aliyekulia London, mwenye lafudhi nzuri. Siwezi kumchukia, maana alikuja kunitembelea Albert Park akaniuliza, kwa adabu, kwa nini kwa Kiingereza nyama ya ng'ombe haiitwi ng'ombe. Hakuwa anajua. Mtu hapewi historia yake na wale wanaofaidika akiisahau. Nilimchemshia chai, nikamfundisha bure.

Sasa nimestaafu, au nimestaafishwa, chagueni neno. Jumamosi watu hupanda ngazi mpaka kwangu, maana lifti yetu ina siku zake, na tunasoma sebuleni. Vijana huniuliza kama ninajuta kutumia maisha yangu kuwaeleza watu habari za Waingereza. Sijutii. Aliyekutawala ni lazima umjue, na aliyekuandikia barua ni lazima umjue zaidi. Ninachokasirikia ni kwamba tulilipa ada, tulifanya mitihani, tulikariri wafalme wao na mvua yao, na kwa miaka yote ile hakuna ofisa hata mmoja aliyeniuliza Mrundi humwamkiaje mgonjwa, au Mkongo hukataaje jambo bila kumvunjia mtu heshima. Kujuana kulikuwa njia ya upande mmoja. Hasira hiyo sijaitua, na siitafutii mahali pa kuitua.

Consolata yuko Uingereza mwaka wa pili sasa, katika mji ambao anasema upepo wake hauna adabu. Wiki iliyopita alinipigia simu mchana, nyuma yake nikasikia sauti za wazee wengi na viti vikivutwa.

"Mnafanya nini huko?" nikamuuliza.

"Wameniuliza Burundi iko wapi, Mwalimu. Wote. Nimewaambia wakae chini." Akaanza kucheka. "Bibi mmoja ameleta daftari."