Nani Kamzuia Kaka?

Kazini walimwita Mpekuzi, na jina likamkaa kama nguo iliyopimwa kwa fundi. Miaka mingi alikuwa mkalimani wa mahakama, akisikiliza watu wakisema hili na kumaanisha lile, hata ikafika mahali salamu tu aliigeuza kwanza aone upande wa pili. Alipostaafu, kampuni moja ya programu za simu ikamchukua. Walikuwa wametengeneza msaidizi wa akili bandia anayeendesha simu kwa niaba ya mtu: unamwambia unachotaka, naye anafungua, anapiga, anatuma. Kila kitendo alipewa kama zana, na kila zana ilihitaji maelezo mafupi: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Kuyaandika maelezo hayo ndiyo ilikuwa kazi ya Mpekuzi.

"Umeandika 'funga'," alimwambia mhandisi wa meza ya jirani. "Ifungwe nini? Skrini, programu, au simu nzima? Mtu ataomba kamera ifungwe, azimiwe simu akiwa anamngoja daktari."

"Wewe unashuku hata kitenzi!"

"Vitenzi ndivyo vilivyofunga watu wengi, mwenzangu."

Nyumbani aliishi na mama yake, ambaye mikono ilimtetemeka na maandishi ya skrini hakuyaona tena. Akamwekea msaidizi yule kwenye simu. Mama akamzoea upesi, akawa anamwamrisha kama mkwe mgeni.

Asubuhi moja kaka yake mkubwa akatokea mlangoni, uso umekunjamana.

"Kwa nini mama hapatikani kwangu tu? Rafiki yangu kapiga, simu ikaita. Mimi nimezuiwa."

"Nani akuzuie, kaka?"

"Humu ndani anayeijua simu ni nani? Kikulacho ki nguoni mwako, dada." Akageuka, akaenda zake. Hata mama, aliyekuwa bado amelala, hakumngoja.

Mpekuzi akaichukua simu ya mama akaikagua. Kweli, namba ya kaka ilikuwa imezuiwa. Kwanza akamshuku kaka mwenyewe: pengine aliichezea simu siku alipokuja, apate pa kuanzia ugomvi. Halafu shaka ikamrudia kifuani. Palikuwa na zana mbili zilizokaribiana, ya kunyamazisha na ya kuzuia. Je, kama mama alisema tu "ninyamazishie huyu," msaidizi akakamata zana isiyo yake? Maneno yaliyomwongoza aliyaandika nani?

Alipofika kazini akayasoma maelezo yale kama anavyosikilizwa shahidi mwenye haraka. Ya kunyamazisha: *Huondoa mlio wa mpigaji mmoja. Simu yake bado inaingia na inaonekana.* Ya kuzuia: *Hukata simu na ujumbe wote wa mtu huyo. Kabla ya kuitumia, taja jina lake na usubiri mwenye simu akubali.* Wakajaribu yeye na mhandisi. Ninyamazishie. Kanichosha. Sitaki kumsikia. Kila walipokaribia kuzuia, msaidizi alisimama akauliza.

"Zana haina kosa," mhandisi akasema.

"Basi kuna mtu."

"Mama umemuuliza?"

Mpekuzi alikuwa amemshuku kaka, ameihoji mashine, na hata mhandisi amemtazama kwa jicho la pembeni. Mama hakumuuliza.

Jioni alimkuta sebuleni akikunja shuka.

"Mama, kaka anasema hakupati."

"Najua. Kile kidude kiliniuliza, 'Nimzuie mwanao kabisa?' Nikakiambia, zuia."

"Kwa nini, mama?"

"Kila akipiga ni, dada karudi saa ngapi? Kaongea na nani? Kuna karatasi kakuambia utie saini? Akikata, unakuja wewe: kaka kasemaje, mbona kacheka? Nimezaa watoto au wapelelezi? Nikaona nikuzuie na wewe, ila wewe unalala humu humu."

Kwa mazoea Mpekuzi akayageuza maneno yale, akitafuta upande wa pili. Hakuuona. Aibu ikampanda hadi masikioni. Akatoa simu yake, akampigia kaka, akaweka sauti ya nje.

"Mwanangu," mama akasema, "ni mimi niliyekuzuia. Nitakufungulia, lakini ukipiga, uulize habari zangu."

"Sawa, mama. Dada yupo hapo?"

"Umeanza!"

Kaka akaguna. "Samahani, mama. Umeamkaje?"

"Jua limezama, baba, lakini nimeamka salama," mama akajibu, na kicheko kikamponyoka.

Mpekuzi akamwachia simu akaenda jikoni, akafungulia bomba kwa nguvu asisikie. Mara moja tu alilifunga, akamsikia mama akieleza habari za goti lake, akalifungulia tena.