Makopo Sita ya Shamso

Shamso Billow aliuza chai nje ya sinema ya wazi ya Garissa tangu kabla ya uhuru, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mfupi na yeye mrefu, kila filamu aliitazama bila tiketi. Moja ilimkaa moyoni kuliko zote. Ilikuwa ya Kihindi, tepe zake zikijaa makopo sita, juu ya dada wawili waliotenganishwa na mafuriko. Aliijua kuanzia mwanzo hadi mwisho, ingawa Kihindi hakukijua. Madereva wa malori walimwambia kwamba Nairobi wimbo wake wa kisimani ulikuwa umekatwa zamani, na nakala za huko zimechakaa hata nyuso hazitambulikani. Ya Garissa ilikuwa nzima kwa sababu ya Elkanah, fundi wa mitambo kutoka Kakamega, aliyeitunza kwa mikono yake. Ndiye aliyemfundisha Shamso kuunga utepe uliokatika kwa wembe na gundi.

Vita vya waliotaka mkoa ujitenge vilipopamba moto, kafyu iliifunga sinema. Mwenye sinema alihamia Thika, akamwachia Elkanah agizo: kusafirisha filamu kuukuu ni hasara, ipigwe shoka na ichomwe. Elkanah alichoma mabango, akamwandikia kwamba kazi imekwisha. Makopo sita aliyaleta kwa Shamso ndani ya gunia la mahindi, asubuhi aliyoondoka na msafara wa malori. Alimwagiza ayaweke penye ubaridi na kuyafungua kila mwezi yapate hewa. Yakianza kunuka siki, ajue yanaoza.

Dagane, mume wa Shamso, alikuwa amenyang'anywa na askari ng'ombe wake wote kule Balambala siku za msako. Alipoyaona makopo alikasirika.

"Watu wanazikwa kila siku," alisema, "na wewe unaficha wanawake wa Kihindi chini ya kitanda."

Shamso aliyasukuma ndani zaidi.

Mwaka 1966 ilitoka amri kwamba mtaa wao wote uhamie kijiji chenye ulinzi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Mwezi huohuo lori la askari lilikuwa limelipuliwa na bomu la kutegwa kwenye barabara ya Mandera. Waliouona mtego mwingine uliofukuliwa walisema ni kitu cha chuma, bapa, mviringo, mkubwa kama sinia. Shamso aliyatazama makopo yake, akaelewa yanafanana na nini. Bado aliyapakia juu ya punda, katikati ya mikeka na vibuyu vya maziwa. Dagane alimwona. Alikaza kamba.

Kwenye kizuizi, koplo mmoja alipenyeza nondo katika mzigo wa punda, na nondo ikagonga chuma. Alirudi nyuma polepole. Bunduki ziliinuliwa, watu wakalala chini na watoto wao. Inspekta aliyeitwa Muriuki aliuliza kutoka nyuma ya lori ni nini kile.

"Bicha, afande," Shamso alisema kwa lafudhi ya Kisomali. "Bicha ya sinema."

Muriuki hakumwelewa. Alimwamuru ateremshe mzigo, auweke mbali na watu, na aufungue yeye mwenyewe.

Shamso alikaa mchangani peke yake na kisu cha Dagane. Kifuniko kilikuwa kimeshikwa na kutu. Alijua fika hakuna bomu mle ndani, lakini alijua pia kwamba kifuniko kikifyatuka kwa kishindo kidogo tu, mmoja wa wale askari angefyatua risasi. Aliingiza ncha ya kisu, akazungusha taratibu, akakibana kifuniko kifuani ili kisilie. Kilifunguka. Alivuta utepe, akauinua kwenye jua.

Muriuki alikuja, akakodoa macho. Mwanamke na mtungi; mwanamke yuleyule na mtungi; yuleyule tena. Alitaka kujua kama kuna picha za kambi za jeshi. Askari walifungua makopo yote wakitafuta karatasi, na tepe mbili ziliburutwa mchangani, zikakanyagwa kwa buti. Makopo yenyewe, Muriuki alisema, hayapiti; ni chuma, na chuma kina kazi nyingi. Kisha akauliza vitu ni vya nani.

"Ni fyangu," Shamso alisema. "Mume wangu hajui kitu."

"Najua," Dagane alisema. "Kamba nilikaza mimi."

Askari wakamchukua Dagane.

Kijijini, Shamso alizifunga tepe zote sita kwa leso na kuzishindilia katika mtungi wa udongo aliouzika ndani ya kibanda chake. Hakulala vizuri hata siku moja. Mwalimu Kagendo, mwenyeji wa Meru aliyekuwa akija sinema kila Jumamosi, alimletea pamba na mikebe ya biskuti. Mchana, baada ya shule, walikaa wawili wakipangusa zile mbili zilizokanyagwa, shubiri kwa shubiri.

Siku ya kumi na moja Dagane aliachiliwa. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba na hakikunyooka tena maisha yake yote. Alikunywa maji, akakaa.

"Zimepona ngapi?"

"Nne. Mbili tunazisafisha."

"Na ule wimbo wa kisimani?"

"Upo."

Aliitikia kwa kichwa, akajilaza.

Miezi kadhaa baada ya vita kwisha, Elkanah alirudi na mtambo wa kuazima wa kuonyeshea filamu. Waliziba madirisha ya darasa la Kagendo kwa mablanketi, mchana wa Jumamosi, na watu wakajaa hadi mlangoni. Sehemu ya mafuriko haikuokoka, mchanga ulikuwa umekwangua picha zake zote; pazia likabaki jeupe. Shamso akasimama mbele, akawasimulia kwa Kisomali yaliyotokea, mpaka picha iliporudi.

Elkanah aliwajua wapenzi wa sinema Nairobi ambao wangetoa nakala mpya, akaomba aondoke na filamu. Shamso alikataa kumpa mtu. Alipanda lori yeye na Dagane, mikebe mapajani, na hawakuondoka Nairobi mpaka walipokabidhiwa nakala mpya na ile ya zamani, zote mbili.