Fundi wa Bwawa la Samaki Wekundu

Mzee Leonardi wa Katubuka alikuwa anakaa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Ziwa Tanganyika, na humo ziwani mna samaki wa kila rangi unayoijua na nyingine usizozijua. Yeye akaagiza samaki Dar es Salaam! Wekundu kumi na wawili, wa mapambo, walisafiri kwa treni siku mbili ndani ya ndoo, mwanawe Dismasi akiwabadilishia maji kila stesheni kubwa. Mtaa mzima ulicheka. Fundi Térence hakucheka, maana yeye ndiye aliyeitwa kurekebisha mahali pao pa kukaa.

Kibwawa kilikuwepo tayari uani, cha saruji, mviringo, kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kilionekana kama kaburi la tajiri.

"Nataka kiwe cha asili, fundi," Mzee Leonardi alisema. "Mtu akifika asione kabisa mkono wa mtu."

Térence Nizigiyimana alifika Kigoma mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake, wakikimbia vita Burundi. Mama huyo sasa amezikwa Mwandiga. Yeye alikulia hapahapa, akajifunza uashi hapahapa, akamwoa Verediana, Mha wa Kidahwe, wakapata watoto watatu. Kirundi chake kilikuwa kibovu kiasi kwamba wakimbizi wapya walikuwa wanamcheka sokoni.

Sasa ulikuwa Novemba, mwaka tisini na saba, na tangazo lilikuwa limepita mitaani: Warundi wote wanaoishi nje ya kambi waende kambini, wa juzi na wa zamani. Ila watu walisema mwenye barua ya mjumbe wake, kwamba ni mkazi wa siku nyingi na ana familia, angesikilizwa. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa nani? Mzee Leonardi.

"Mzee, nakuomba ile barua," Térence alimwambia siku ya kwanza, kofia mkononi.

"Barua si tatizo. Maliza kwanza."

Basi akafanya kazi. Alivunja ukingo wa mviringo, akaupa kona na mapindo, kwa kuwa maji yaliyojichimbia mahali pake hayajui bikari. Mawe ya chokaa aliyatupa, akaleta mengine kutoka ufukweni Kibirizi, makubwa kwa madogo. Hakuyapanga mstari. Kila jiwe alilizika theluthi moja, kwa sababu jiwe lililokalia udongo kila mtu anajua limeletwa, lakini lililozama kidogo linaonekana limezaliwa pale. Yale bapa aliyalaza yakachungulia maji, saruji ikapotea chini yake. Kona moja akapanda matete, kwenye kina kifupi akamwaga mchanga wa ziwani.

Kila jioni Mzee Leonardi alikuja na fimbo yake kukagua. "Hili bado linaonekana limewekwa," anasema, anagonga jiwe. Térence analichimbua, analizika upya. Halafu anauliza barua. Leo miwani haionekani, kesho mzee ana wageni, keshokutwa mhuri uko kwa katibu. Na hao wageni aliwaleta uani wakashangae bwawa! Mmoja aliuliza kama kiwanja kilinunuliwa pamoja na chemchemi yake. Mzee Leonardi akacheka kwa raha, hakumtaja fundi aliyechuchumaa palepale na matope mpaka kwenye viwiko.

Kama mkono wa mzee uliweza kuonyesha bwawa kwa fimbo, ulishindwaje kushika kalamu? Hilo ndilo lililomchoma Térence. Lakini aliendelea kuzika mawe, kwa ajili ya watoto.

Siku ya tano ilibaki kazi moja. Uani paliinama kidogo, kwa hiyo upande wa juu ulihitaji mfereji wa kukinga maji ya mvua, la sivyo tope lote lingeshukia kwa samaki. Ndiyo kwanza ameshika jembe, lori likasimama nje. Wakaingia watu wawili na karatasi ya majina.

"Mzee, waambie," Térence alisema.

"Asili yake wapi huyu?" mmoja aliuliza.

Mzee Leonardi alitazama bwawa lake, akatazama lori. "Asili yake ni Mrundi," alisema. "Ila fundi mzuri sana."

Térence alitupa jembe chini. Alimtukana mzee yule kwa Kiswahili na kwa Kiha, lugha alizozijua vizuri, mpaka wakamshika mikono. Hakuruhusiwa hata kupita nyumbani kwake, nyumba saba tu kutoka pale.

Kambi ilikuwa mbali, Kasulu huko, turubai kwa turubai. Verediana hakuwa na nauli ya kumfuata na watoto watatu. Miezi miwili Térence alilala na hasira na kuamka nayo. Aliwajengea majirani majiko ya udongo.

Januari, mvua zikiwa zimechachamaa, gari dogo liliingia kambini. Akashuka Mzee Leonardi, viatu vimejaa tope.

"Fundi! Bwawa limekuwa uji. Samaki wanne wamekufa, waliobaki wanahema juu juu. Twende ukachimbe ule mfereji, jioni nakurudisha. Kibali chako hiki hapa."

Térence alikipokea. Kilikuwa na jina lake lote, mhuri na saini.

"Umekihangaikia siku ngapi, Mzee?"

"Siku ngapi wapi! Jana asubuhi niliomba, mchana wakanipa. Pale ofisini wananisikiliza."

Térence akaona giza. Mchana mmoja tu! Alitamani kuichana karatasi ile na kumrushia usoni. Badala yake aliikunja, akaitia mfuko wa shati, akapanda gari.

Walipofika Katubuka gari lilipunguza mwendo kwenye kona, naye akafungua mlango akateremka. Hakuelekea kwa Mzee Leonardi. Alikwenda moja kwa moja kwake, akaingia, na kelele za watoto zikasikika mpaka barabarani.

Mzee Leonardi alisubiri kwenye gari, akachoka, akashuka. Alibisha hodi kwa fimbo.

"Fundi! Muda unakwenda! Samaki wanakufa!"

Verediana alifungua mlango kidogo, mikono yake ina unga wa muhogo. Nyuma yake Térence alikuwa amekaa mkekani, mtoto mdogo mapajani, sahani ya migebuka wa ziwani mbele yao. Hakugeuka.

"Shikamoo, Mzee," Verediana alisema. "Fundi anakula na wanawe. Kibali kinasema mpaka jioni."

Akafunga mlango.